Wambea wa Mzee Mvua

Mbea wa tatu kutoka mwisho alikufa Jumanne, wa pili akamfuata kabla wiki haijaisha, na Jumapili Sindano alipokuja kumjulia hali mama yake, kwenye kibaraza cha nyuma lilikuwa limebaki kopo moja tu lenye uhai. Makopo mengine yote yalikuwa yameoshwa, yamefutwa na kupangwa kifudifudi kando ya ukuta, safi kuliko yalivyopata kuwa wakati yana kazi. Mama alikuwa ameketi mbele ya hilo moja, mikono mapajani, kama mtu aliyekwenda kumwona mgonjwa akakosa la kuzungumza.

"Amebaki huyu," alisema bila kugeuka. "Wenzake wote wamemfuata baba yako. Na huyu akienda, mwanangu, nami nitakuwa nimemaliza zamu yangu."

Alilisema kwa sauti ileile ya kusema kwamba sukari imekwisha. Hapo ndipo Sindano alipoogopa. Mama akilia, watoto wake walijua la kufanya, kwa sababu alikuwa akilia tangu zamani, kwa harusi, kwa kitunguu, kwa mtoto wa jirani kufaulu mtihani. Mama mtulivu hawakuwahi kumwona.

Na dalili zilikuwapo, ila wao walijitia hamnazo. Miezi miwili iliyopita aligawa vikombe vyake vya wageni. Mwezi uliopita alimpa jirani cherehani, kitu ambacho zamani hata kukigusa bila ruhusa ilikuwa vita. Kaka yake Sindano, dereva wa malori ya masafa marefu, alisema kwenye simu kwamba wazee hufanya hivyo, wanapunguza mizigo. Sindano alikubali kwa sababu lilikuwa jibu rahisi.

Sasa, msomaji ambaye hakupata kuingia nyumba hiyo lazima aambiwe hao wambea ni nani. Baba alikuwa fundi redio, mtu mkimya aliyeoa mwanamke wa maneno mengi na akampenda kwa sababu hiyo hiyo. Siku moja mwalimu wa sayansi aliyekuwa akihamishwa kikazi alipitia kuchukua redio yake, akamwachia zawadi ya kopo lenye mmea wa ajabu. Kila jani liliishia kwenye mdomo, mdomo wenyewe mwekundu ndani, una kope ndefu pembeni, uko wazi, unangoja. Nzi akitua na kugusa vinywele vya ndani mara mbili, mdomo unafumba, na habari ya nzi huyo imekwisha. Baba aliutazama mmea ule mchana kutwa, redio za watu zikiwa zimelala matumbo wazi mezani, kisha akatamka, "Huyu ni mbea. Yuko mdomo wazi tangu asubuhi anangoja neno limwangukie." Mama aliona ni yeye anayesemwa, akanuna siku mbili. Jina likabaki.

Kutokana na kopo lile moja Baba alipata makumi. Alichomoa jani kutoka chini kabisa, liondoke na kile kisigino chake cheupe, akalilaza juu ya kuvumwani iliyolowa, ile mimea laini ya kinamasi inayoshika maji kama sifongo, akalifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, akaliweka penye mwanga na kulisahau. Kusahau ndiyo ilikuwa sehemu ngumu. Mama alikuwa akifunua chupa kila asubuhi kutazama kama kuna kitu, na Baba alikuwa akimwambia kwamba hata chapati ukiigeuza kila mara haiivi. Baada ya wiki nyingi, pale kwenye kisigino cheupe, palichomoza kinukta cha kijani, na kinukta hicho kikafanya mdomo mdogo kuliko kichwa cha kiberiti. Siku hiyo Baba aliimba. Hakuwa na sauti hata kidogo, lakini watoto walingoja siku hizo kuliko sikukuu.

Masharti yalikuwa machache. Mbolea ilikuwa marufuku, na udongo mzuri wa bustani pia. "Hawa ni watu wa shida," alisema Baba. "Wametoka ardhi isiyo na kitu, ndiyo maana wakajifunza kuwinda. Ukiwashibisha kwa mizizi unawaua." Kuwachokoa kwa kijiti kulikatazwa, kwa sababu kila mdomo una idadi ya kufumba uliyopewa, ikiisha basi. Na maji yalikuwa ya mvua tu. "Maji ya bomba yanawaua," alisema, akanyamaza, kwani kwake sentensi moja ilikuwa hotuba.

Ndiyo sababu mtaa mzima ulimwita Mzee Mvua. Wingu likijikusanya, akina mama wote walikimbia nje kuanua nguo, na katikati yao alikimbia mwanamume mmoja, kaptura na fulana, anatandaza mabeseni, masufuria, ndoo, hata bakuli la mtoto. Mama alisimama mlangoni akimwambia kwamba radi haichagui fundi wala tajiri, na wakati huohuo ameshika shuka upande mmoja ili maji yateremke vizuri kwenye pipa. Walikuwa wakirudi ndani wameloa chapachapa wote wawili, yeye anaendelea kugomba, Baba anatabasamu. Sindano akiwakumbuka wazazi wake huwakumbuka hivyo, wamesimama kwenye zulia la jikoni wakichuruzika maji.

Yeye Sindano jina lake alilipata akiwa na miaka sita, mwembamba wa kupenya popote. Sasa ana arobaini na sita na mwili wa kujaza mlango, lakini jina la nyumbani halipimwi upya kila mwaka. Katika umri huohuo wa miaka sita ndipo alipomlisha mbea mmoja kipande cha nyama kutoka sahani yake, nyama yenye chumvi na mafuta, kwa huruma ya kitoto. Mdomo ulifumba, ukaoza, ukawa mweusi kama kaa. Alitarajia fimbo. Baba alimketisha kwenye benchi ya kazi, akampa kibano chake cha kushikia waya na kumwonyesha namna ya kuchomoa jani na kisigino chake. Na kwa kuwa Sindano aliuliza, alimweleza. Alimweleza kwamba chumvi ndiyo adui. Kwamba maji ya bomba yamepita ardhini yakaokota chumvi chumvi za kila aina, ambazo sisi hatuzihisi lakini mizizi hii inazihisi. Kwamba zinajikusanya kidogo kidogo mpaka mizizi inaungua. Hakuna mwingine nyumbani aliyeelezwa hayo. Baba hakuwa mchoyo wa maarifa, ila alikuwa haelezi asipoulizwa, na Mama katika maneno yake yote hakupata kuuliza swali hilo.

Sindano alikua akawa fundi wa meno ya bandia, anafanya kazi katika chumba cha nyuma cha zahanati ya meno, kati ya plasta na mashine ya kung'arishia. Baba alilifurahia sana jambo hilo. Alisema kazi imebaki ndani ya familia, yeye midomo, bintiye meno.

Baba alipofariki, miezi kumi na minne iliyopita, watu walijaa nyumbani kwa siku saba. Walipika, wakala, wakaosha vyombo, na maji ya kuoshea waliyakuta karibu, kwenye mapipa mawili ya kibarazani. Hakuna aliyejua kwamba ni maji ya wambea, na aliyejua alikuwa na mambo mengine ya kufikiria. Wageni walipoondoka mapipa yalikuwa makavu, na mwaka ule mvua ilikuja siku chache za kuhesabu, kisha ikasusa. Sindano aliendelea kuja kila Jumapili. Alikunywa chai sebuleni, akauliza presha, akaacha matunda, akaondoka. Kibaraza cha nyuma hakukanyaga. Benchi ya Baba ilikuwa huko, na kibano chake, na kiti chake chenye mto uliobonyea, na yeye alijiambia kwamba atakwenda akipata nguvu.

Jumapili hiyo ndipo alipokwenda, kwa sababu Mama hakuwa sebuleni. Na baada ya kusikia yale maneno ya zamu aliinama kulitazama lile kopo ili Mama asimwone uso. Mbea alikuwa na majani matano, mawili yamekauka, na midomo mitatu iliyofunguka nusu. Lakini jicho la Sindano halikukaa kwenye majani. Lilikwenda kwenye ukingo wa kopo na juu ya kuvumwani, ambako kulikuwa na ganda jeupe, gumu, la chokaa. Alilikwangua kwa ukucha. Kila siku ya kazi alikuwa akikwangua kitu kama hicho kwenye meno ya bandia ya wazee, ukoga uliokaa mpaka ukageuka jiwe.

Alimwuliza Mama, taratibu, anawapa maji gani.

Mama aliona fahari kuulizwa. Alieleza kwamba hakuwapa ya bomba hata tone, angethubutu vipi na marehemu aliacha neno. Alikuwa akiyachemsha. Kila asubuhi birika zima, yanatokota robo saa, anayaacha yapoe, anayachuja kwa kitambaa cheupe, ndipo anawanywesha mmoja mmoja. "Nilijua ni vijidudu," alisema. "Ninyi nyote niliwalea kwa maji ya kuchemsha, na hakuna aliyeharisha."

Sindano aliomba kwenda kuweka chai. Jikoni alifunua birika. Ndani kuta zote zilikuwa zimevaa ganda lilelile jeupe, nene kama ganda la yai, na akasimama na kifuniko mkononi muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Maji yakichemka, kinachoondoka ni mvuke. Chumvi haiondoki. Ukiyachemsha robo saa unabaki na maji machache na chumvi ileile, kama mchuzi uliosahauliwa motoni. Miezi kumi na minne, kila asubuhi, kwa mikono miwili na kwa mapenzi yote, Mama alikuwa akiwapa wambea kitu kibaya kuliko maji ya bomba.

Alimpigia kaka yake akiwa njiani kurudi. Kaka alisikiliza, lori likinguruma, akashauri kwamba wasimwambie Mama hata nusu neno. Mwanamke amefiwa na mume, sasa umwambie pia kwamba ameua mimea yake yote? Watafute mmea mwingine wautumbukize kwenye kopo lilelile. Sindano alimwuliza utapatikana wapi, kwani hii si mchicha. Kaka akafikiri kidogo, akasema basi waweke ua la plastiki, hilo halifi. Sindano alikata simu kabla hajasema neno la kujutia.

Lakini alimtii kwa nusu. Zahanati ilikuwa na mashine ya kukusanya mvuke wa maji na kuupoza, kwa ajili ya chombo cha kuchemshia vifaa, na maji yake hayakuwa na chumvi ya kutia kwenye jicho la sisimizi. Alimwomba daktari ruhusa, akajaza chupa nne, akampelekea Mama na kumwambia ni maji maalumu ya hospitali, ammwagie mbea hayo kwa wingi yapite chini yakamsafishe. Mama alishukuru sana. Jumapili iliyofuata Sindano aliuliza kama aliyatumia.

"Nimeyatumia," alisema Mama. "Ila niliyachemsha tena kwanza, kwenye birika letu lile. Huwezi kujua hospitali wanashika nini."

Na siku hiyo ndipo walipoona shina la ua. Lilikuwa limechomoza katikati ya majani, wima, nene, na kichwa cha kijani kimefungamana juu. Lilikuwa na urefu wa kidole. Sindano alijua maana yake, kwani Baba alikuwa akiyakata mashina hayo kila mwaka bila huruma. Ua linanyonya. Mbea mwenye afya akitoa ua anadhoofika, na aliye taabani akitoa ua anamalizika. Lakini shina changa, likikatwa kabla ya kuchanua na kuchomekwa kwenye kuvumwani mbichi, lilikuwa na uwezo wa jani lililochomolewa, hata zaidi. Baba aliwahi kupata watoto sita kwa shina moja. Kwa majani yale matatu dhaifu hapakuwa na la kutegemea. Kama kulikuwa na njia, ilikuwa hilo shina, na lingefaa kwa siku chache tu.

Aliomba mkasi. Mama alisimama akaweka mwili wake mbele ya kopo, kitu ambacho Sindano hakukitarajia kwa mtu wa umri ule.

"Hapana. Huyu anaaga. Amekusanya nguvu zake za mwisho aage vizuri, nawe unataka kumkata kauli? Mwache amalize."

Sindano alisihi, akaeleza habari ya mashina, akamtaja Baba. Ilikuwa kama kumpigia mbuzi gitaa. Mama alisema Baba alikata maua miaka yote kwa kuwa hakuwa na haraka ya kwenda popote. Wakati huu ni mwingine. Akamsindikiza bintiye mpaka mlangoni, akambusu shavuni, akampa na sahani tatu nzuri zilizobaki akae nazo.

Siku tatu Sindano hakufanya kazi ya maana. Alimtengenezea mzee mmoja meno ya juu yakatoka na pengo asilokuwa nalo. Aliwaza kwamba akinyamaza, ua litachanua, mmea utakufa, na Mama atakaa kwenye kile kiti akingoja zamu yake kwa utulivu uleule, na mtu akishaamua kungoja kifo, kifo hakina sababu ya kuchelewa. Akisema, atakuwa amemwambia mjane wa miaka sabini na saba kwamba mkono wake mwenyewe ndio uliofanya yote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na mama huyu. Alhamisi asubuhi aliomba ruhusa, akabeba chupa mbili za maji na mfuko wa kuvumwani kavu alioupata kwa muuza maua, akaenda.

Mama alikuwa kibarazani, birika pembeni yake linapoa. Shina lilikuwa limerefuka kidogo, bado limefunga. Sindano alivuta benchi ya Baba, ile asiyoigusa miezi kumi na minne, akakaa. Alianza na ubaya wake mwenyewe.

"Mama, mimi nilijua kitu nisikuambie. Baba alinieleza zamani kinachowaua. Si vijidudu. Ni chumvi iliyo ndani ya maji, na chumvi haichemki ikaondoka. Kila ulipochemsha, iliongezeka." Alichukua birika, akalifunua, akamwonyesha ganda, kisha akamwonyesha ganda la ukingo wa kopo. "Ningekuja huku nyuma hata mara moja, ningeiona siku ya kwanza. Nilikuwa naogopa kiti chake. Nilikuwa nakuja kila Jumapili naishia sebuleni. Hawakufa kwa huzuni, Mama. Walikufa kwa maji, na mimi niliwaacha."

Mama alichukua birika, akatia kidole ndani, akakwangua, akautazama ule unga mweupe kwenye kidole. Akatazama makopo yaliyopangwa ukutani, akianza upande mmoja mpaka mwingine. Sindano alikuwa tayari kwa kilio, kwa laana, kwa kuambiwa atoke.

"Kwa hiyo hakuwa akiwaita," alisema Mama.

"Nani?"

"Baba yenu." Aliliweka birika chini polepole. "Kila akifa mmoja nilisema, huyo ameitwa. Anakusanya vyake, kimoja kimoja. Nikasema mimi ataniita mwisho, kwa kuwa mimi ndiye naongea sana, apate kwanza kupumzika. Nikaanza kujiandaa nisimcheleweshe. Miezi kumi na minne nadhani mume wangu ananiita, kumbe ni birika."

Akacheka. Cheko lilianza dogo, likamshinda, akashika mbavu, na katikati yake likageuka kilio, kile kilio chake cha zamani chenye sauti na kamasi, ambacho nyumba ile haikukisikia tangu mazishi. Sindano alimkumbatia na kulia naye, kwa furaha na kwa aibu. Alipotulia, Mama alijifuta kwa upande wa kanga, na hasira ikapata nafasi.

"Na yeye! Tumeishi miaka arobaini na tisa, angesema neno moja tu. Chumvi. Lingemtoa jino? Mtu anaita wenzake wambea, na yeye la maana kabisa anakwenda nalo." Alimsema marehemu hivyo kwa robo saa nzima, akimhesabia na mambo mengine ya miaka ya nyuma, na Sindano hakumkatiza. Kisha akanyoosha mkono. "Lete huo mkasi. Nimewaua thelathini, huyu nitamkata mwenyewe."

Walifanya pamoja. Waliloweka kuvumwani kwa maji ya mvuke, wakaikamua, wakaijaza kwenye bakuli safi. Mama alilikata shina chini kabisa, akaligawa vipande vitatu jinsi alivyoelekezwa, akavichomeka upande wa chini ukitazama chini, akafunika kwa chupa iliyokatwa kitako. Mikono yake ilikuwa thabiti kuliko ya bintiye. Alimtoa na mbea mzee kwenye kopo lake, wakamwosha mizizi, nayo ilikuwa myeusi karibu yote.

Mbea mzee alikufa wiki ya tatu. Mama alimpigia Sindano simu kazini kumwambia, maneno manne tu, akakata. Na vile vipande vya shina wakati huo vilikuwa vimekwisha kuwa vyeusi, vyote vitatu, vimesinyaa kama njiti zilizoungua. Tangu hapo Sindano alikuwa akilala roho juu. Alikuwa akipita kila jioni baada ya kazi, akimkuta Mama amekaa kimya mbele ya bakuli, na kila jioni alitafuta usoni mwake ule utulivu wa Jumapili ile. Hakuweza kusema upo au haupo. Mama hakugawa kitu kingine, lakini pia hakudai alivyogawa. Alichofanya ni kuongeza maji ya mvuke kijiko kwa kijiko, bila kuyachemsha, na kutofunua chupa. Hilo la kutofunua lilimgharimu, ilionekana.

"Shina likiwa jeusi haimaanishi limekufa lote," Sindano alimwambia jioni moja. "Baba alikuwa anasema hivyo."

"Baba yako hakuwa anasema kitu," alijibu Mama.

Wiki ya nane, asubuhi ya Jumamosi, simu iliita kabla Sindano hajaoga. Mama alisema aje, asile, asichane nywele, aje. Alifika na kilemba cha kulalia kichwani. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya bakuli, chupa ameifunua, pua karibu iguse kuvumwani, na anaonyesha kwa ncha ya sindano ya kushonea. Chini ya njiti nyeusi ya kwanza palikuwa na vinukta viwili vya kijani. Chini ya ile ya tatu palikuwa na vitatu, na kimoja kilikuwa kimefanya mdomo tayari, mdogo kama mbegu ya ufuta, uko wazi kabisa.

"Watano," alisema Mama. "Au ni wanne? Hesabu wewe."

Sindano alihesabu akapata watano. Alihesabu tena kwa sababu machozi yalikuwa yanamchezea.

"Watakuwa wakubwa lini? Wakubwa wa kumkamata nzi wa kweli?"

Hapakuwa na maji ya kupoza jibu hilo, na Sindano alikuwa ameapa kutomficha tena kitu. "Wanakwenda polepole, Mama. Miaka minne. Labda mitano."

Mama alikaa juu ya visigino vyake. Alihesabu kwa vidole, akitikisa midomo, akafika mwisho wa mkono mmoja, akaanza tena kuhakikisha. Kule mtaani mtu alikuwa akipiga honi bila sababu. Mama aliirudisha chupa juu ya bakuli, akaikalisha vizuri pande zote, kisha akamgeukia bintiye na uso wa mtu mwenye shughuli.

"Basi Jumatatu usiende kazini. Nipeleke kwa daktari wa macho. Vitu vyenyewe havionekani, na miaka mitano siwezi kuvichunga kwa kupapasa."

Sindano alisema atakuja kumchukua saa tatu. Mama akasema saa mbili, kwa sababu huko foleni ni ndefu.